Kibali cha ujenzi Unguja na Pemba: jinsi ya kulifanya jalada lisilale

Ofisa wa ujenzi akifungua jalada lako, hatazami kwanza uzuri wa nyumba. Anatazama kama kiwanja ni chako na kama mchoro unapimika. Kimoja kikikosekana, jalada linawekwa pembeni. Uingereza wameliandika kabisa katika kanuni: halmashauri ina wiki 8 kuamua ombi dogo na 13 kwa kubwa, lakini siku hazianzi kuhesabiwa mpaka ombi liwe limekamilika. Kwetu nako, jalada pungufu halina foleni.

Anza na ardhi. Zanzibar ardhi ni mali ya umma, na alichonacho mtu ni haki ya kuitumia. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa sheha inaonyesha kuwa mmeuziana tu, haigeuki kuwa hati. Kama kiwanja ni cha urithi, malizeni mirathi kwanza, maana ndugu mmoja akitokea Dar na malalamiko, kila kitu kinasimama. Balaa kubwa ni eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Zile zilitolewa kwa kilimo, na aliyekukatia kipande cha futi 40 kwa 60 hana uwezo wa kukigeuza kiwanja cha nyumba. Nenda Kamisheni ya Ardhi kuuliza kabla hujatoa pesa.

Mchoro uwe na ramani ya kiwanja inayoonyesha mipaka, njia na nyumba za jirani, mpango wa kila ghorofa, sura za pande zote na mkato, yaani nyumba ikionekana kama imekatwa wima. Kosa linalorudisha majalada kila siku ni la mashine ya fotokopi. Mchoraji amechora kwa kipimo cha 1:100 kwenye A3, kwa hiyo chumba cha mita 4 kina sentimita 4. Wewe unapunguza iingie A4, kinabaki 2.8. Ofisa anaweka rula, hesabu hazikubali, jalada linarudi. Toa nakala kwa ukubwa uleule, na vipimo viandikwe kwa tarakimu.

Usisahau makaro, yaani mashimo ya maji machafu. Onyesha shimo liko wapi na lina umbali gani na kisima, chako na cha jirani pia. Mita 30 ndicho kipimo kinachotumika sana. Upande wa maweni, kwenye ardhi ya mawe ya matumbawe, hili lisipuuzwe hata kidogo, kwani jiwe hilo linapitisha maji machafu upesi kuliko udongo.

Mji Mkongwe una mlango wake: Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji. Huko hata kubadilisha dirisha au kupiga lipu upya kunataka ruhusa, kwani mji umo katika Urithi wa Dunia tangu 2000. Ambatanisha picha za kila upande, na andika vifaa vya ujenzi utakavyotumia. Ukiandika saruji juu ya ukuta wa mawe na chokaa, tegemea kurudishwa: saruji inafungia unyevu ndani, ukuta unaoza na vichwa vya boriti vinafuata. Andika chokaa.

Siku ya kuwasilisha, lipa kwa namba ya malipo ya serikali tu na uchukue risiti. Usiondoke bila namba ya jalada na tarehe ya kupokelewa. Kisha uliza swali moja: linakwenda meza gani baadaye? Ukijua hilo, baada ya wiki mbili unamfuata mwenye meza. Ukikaa mapokezi utaambiwa "njoo kesho" mpaka uchoke.

Kabla ya ukaguzi fyeka kiwanja, bikoni (alama za mipaka) zionekane. Mkaguzi asipoziona anaondoka, na zamu yako ya pili inategemea gari lao litapita lini tena. Ukiandikiwa kasoro tano, rekebisha zote tano na ujibu kwa barua moja. Ukijibu mbili mbili, jalada linazunguka meza zilezile mara tatu.

Na msingi usichimbwe wakati unasubiri. Ukikutwa na mtaro umeshafukuliwa, linaloshughulikiwa kwanza ni amri ya kusimamisha ujenzi, na ombi lako linangoja nyuma yake.