Kabla Hujaiwekea Laptopu Kuukuu Linux

Tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, jamaa zangu hapa Busia, upande wetu wa Uganda, wananiletea laptopu kuukuu niwawekee Linux, mfumo wa kompyuta wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Nafurahi, maana nyingi bado ni nzima kabisa. Na kazi yenyewe mara nyingi haimalizi saa moja. Watu hulizwa na yale ambayo hawakuyafanya kabla.

Anza na mafaili yako. Dada yangu mdogo, mwalimu wa msingi, alipeleka laptopu yake kwa fundi mjini, akaambiwa kila kitu kimehamishiwa kwenye flashi. Tulipoifungua nyumbani, kila faili lilikuwa na kimshale pembeni, na ukubwa wake ni KB 1 au 2. Zilikuwa njia za mkato tu: vibao vya kuonyesha nyumba ilipo, na nyumba yenyewe imeshabomolewa. Mitihani aliyoitunga miaka minne ilipotea, pamoja na picha za arusi ya kaka yetu. Alikaa kimya jioni nzima, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Kwa hiyo nakili, chomoa flashi, ichomeke kwenye kompyuta nyingine, kisha fungua mafaili kadhaa uyasome kwa macho yako. Linganisha ukubwa wa folda ya zamani na wa nakala. Kumbuka pia nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Ukishachagua kufuta diski nzima wakati wa kuweka mfumo, usitegemee kuvirudisha.

La pili ni umeme. Betri ya laptopu ya miaka kumi huenda isikae dakika tano, na umeme ukikatika katikati ya kazi unabaki na mashine isiyowaka kwa mfumo wa zamani wala mpya. Mimi huichomoa chaja kwanza, laptopu ikategemea betri peke yake, nikaangalia kwa saa inadumu muda gani. Ikiwa imekufa, nenda kwa rafiki mwenye sola na inveta.

Kisha tazama memori. Linux Mint, aina ya Linux ninayoiweka, huhitaji angalau GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazokupa raha; kwa mashine dhaifu chagua toleo lake jepesi, la Xfce. Kama prosesa ni ya biti 32, yaani ya aina ya zamani, Mint ya sasa haitaingia, tafuta antiX, Linux nyingine nyepesi. Na kama una pesa ya kubadilisha kitu kimoja tu, toa diski ya kuzunguka uweke SSD, diski ya kasi isiyo na kinachozunguka ndani. Hakuna kinachoiamsha laptopu kuukuu kama hicho.

Faili la Mint linakaribia GB 3, hivyo nunua bando la kutosha na flashi ya GB 8. Sisi wa mpakani tuna tahadhari yetu: simu hurukia mtandao wa Kenya bila kukuuliza, nawe ukalipia gharama za ugenini. Chagua mtandao kwa mkono kabla ya kupakua. Faili likishafika, linganisha namba yake ya SHA256, ambayo ni kama alama ya kidole ya faili, na ile iliyo kwenye tovuti ya Mint; faili lililopungua njiani hukupotezea siku nzima.

Ukishaliweka faili hilo kwenye flashi kwa programu ya kutengeneza flashi ya kuwashia, andika karatasini kitufe cha kuwashia kutoka kwenye flashi. Kwa HP nyingi ni F9, kwa Dell na Lenovo nyingi ni F12.

Ukiwasha kwa flashi, usikimbilie kuweka. Mint hufanya kazi ikiwa humo humo kwenye flashi, bila kugusa diski, basi jaribu sauti, kamera, kila herufi ya kibodi, na zaidi ya yote waifai. Kadi za waifai za zamani za kampuni ya Broadcom mara nyingi hazionekani mpaka upakue draiva yake, yaani programu ya kuziendesha, na bila intaneti utaipakuaje? Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, na laptopu itapata mtandao.

Ikiwa tovuti zinakataa kufunguka hata hivyo, tazama tarehe. Laptopu inayorudi mwaka 2010 kila ikizimwa imeishiwa kibetri cha saa kilicho ndani, cha duara kama sarafu. Nyingi hutumia CR2032. Kibadilishe siku hiyo hiyo, kabla hujafunga skrubu.