Kupanga Mawe Kwenye Tangi la Samaki Yaonekane Yameota Hapo

Matangi mengi yanayoonekana ovyo yana mawe mazuri tu. Kasoro ni kwamba mawe yenyewe yamewekwa juu ya mchanga kama vikombe mezani: yamelingana kimo, yamepeana nafasi sawa, na kila moja limesimama wima. Tazama jiwe la mtoni. Sehemu yake kubwa imezama ardhini, limeinamia upande mmoja, na vipande vyake vidogo vimejikusanya miguuni pake. Mambo hayo matatu ndiyo ya kuiga.

Vipimo vilivyomo humu ni vya tangi ambalo kwa ndani lina sentimita 60 kwa 30, kimo 36. Kama lako ni tofauti, fuata uwiano.

Hatua ya 1: Mawe yenyewe

Tumia aina moja tu ya jiwe. Kusanya kilo 12 hivi ukijua utatumia 8 hadi 10, na ukubwa utofautiane sana, kuanzia jiwe la kubeba kwa mikono miwili hadi vijiwe vya kujaza kiganja.

Itale, basalti, kwatzi na mawe ya volkano hayabadilishi maji. Mawe ya chokaa, marumaru na matumbawe huyeyuka polepole, na kadiri yanavyoyeyuka ndivyo ugumu wa maji (wingi wa madini ndani yake) na pH (kipimo cha asidi; ikipanda, asidi imepungua) vinavyopanda. Sikilidi, jamii ya samaki wa ziwa Tanganyika na ziwa Nyasa, watashukuru, maana wamezoea maji magumu. Neoni tetra, samaki wadogo wa maji laini, hawatashukuru.

Kipimo ni siki. Kwaruza jiwe kavu kwa msumari mpaka upate sehemu mpya, kwa kuwa uso wa nje huwa na vumbi na ukoga unaodanganya. Dondosha matone matatu, kisha inama karibu chini ya mwanga mkali. Siki ni asidi dhaifu, kwa hiyo usitarajie povu la kufurika. Vijiputo vidogo vinavyopanda mfululizo vinatosha kukuambia kuna chokaa. Jiwe lenye mishipa inayometa kama chuma, au madoa ya kijani au ya kutu, liache. Madini kama shaba huua kamba wadogo hata yakiwa machache.

Sugua kwa brashi ngumu na maji matupu, bila sabuni, halafu anika juani siku kadhaa. Ushauri wa kuchemsha mawe kwenye sufuria umeenea sana, na ni wa hatari: maji yaliyonaswa ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka usoni pako.

Hatua ya 2: Panga sakafuni kwanza

Chora mstatili wa 60 kwa 30 kwenye kipande cha boksi, umwagie mchanga kidogo, upange hapo. Hapa ndipo pa kupoteza muda, hata siku mbili. Ndani ya tangi kila jaribio linahatarisha kioo.

Anza na jiwe kuu. Kimo chake kifike kama theluthi mbili za tangi, yaani sentimita 22 hadi 24 kutoka sakafuni. Liweke sentimita 23 kutoka upande wa kushoto au wa kulia, nyuma kidogo ya mstari wa katikati. Likikaa katikati kabisa, tangi hugawanyika mapande mawili yanayofanana na jicho linakosa pa kwenda. Ligeuze pande zote kabla hujaamua. Uso wenye mikunjo na vivuli ndio wa kutazama mbele. Kisha liinamishe kidogo, kama lililosukumwa na mkondo wa maji kwa miaka.

Mtindo wa Kijapani wa kupanga mawe uitwao iwagumi, uliopata umaarufu kwenye matangi kupitia mpambaji wa matangi Takashi Amano, una majina ya mawe yanayosaidia sana hata kama hufuati mtindo wote. Jiwe kuu ni oyaishi. La pili, fukuishi, huwa kama theluthi mbili ya lile kuu na linafanana nalo kwa sura. Soeishi ni dogo zaidi na hulisindikiza. Suteishi ni jiwe la kutolewa sadaka: linaweza kufunikwa na mimea baadaye bila mtu kulitafuta. Idadi iwe witiri, mawe matatu, matano au saba, ili jicho lisiyapange mawili mawili.

Kama mawe yana mistari ya matabaka, yote ielekee upande mmoja. Jiwe moja lenye mistari ya wima kati ya yale ya mlalo huharibu kila kitu, na mtazamaji hatajua ni nini kinachomkera.

Piga picha kwa simu, uigeuze iwe nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, utaona mara moja upande uliolemewa.

Hatua ya 3: Ndani ya tangi

Hakikisha kwa pima maji kwamba meza iko sawa. Tandika wavu mgumu wa plastiki chini ya mawe makubwa, ili ncha ya jiwe isibonyeze kioo sehemu moja. Mawe makubwa yakae juu ya wavu huo *kabla* ya mchanga. Yakikaa juu ya mchanga, samaki wachimbaji kama mbuna (sikilidi wa ziwa Nyasa) watafukua chini yake mpaka rundo lianguke.

Acha sentimita 5 kati ya jiwe na kioo, mkono wenye sponji upite.

Sukuma kila jiwe kwa kidole. Likitikisika, lizungushe au libane kwa kijiwe. Kwa mawe madogo, supaglu nzito ya jeli pamoja na kipande cha tishu hushika vizuri, lakini angalia: tishu au pamba ikilowa gundi hiyo hupata moto na kutoa moshi wa kuchoma macho, kwa hiyo ishike kwa kibanio. Mawe mazito yanahitaji silikoni ya matangi, isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, iachwe ikauke saa 24 hadi 48.

Hatua ya 4: Mchanga na vijiwe

Osha mchanga mpaka maji yatoke safi. Mimina kwa kikombe: sentimita 3 mbele, 8 hadi 10 nyuma. Mteremko huo utaporomoka baada ya wiki chache usipouzuia, basi zika safu ya mawe bapa katikati kama ukuta wa matuta.

Sasa rudishia vipande: vya ukubwa wa ngumi, vya kidole gumba, vya punje ya mahindi. Vyote vijazane upande ambao mkondo ungeviacha, nyuma ya mawe makubwa. Ukivitawanya sawasawa, unarudi kwenye vikombe mezani.

Hatua ya 5: Maji

Weka sahani juu ya mchanga, umimine taratibu juu yake. Washa filta, pima pH na ugumu wa maji, kisha achia chembe za chakula utazame zinakotua. Zikirundikana nyuma ya jiwe, geuza kwanza mdomo wa filta. Jiwe liwe la mwisho kuguswa.

Ukitia dawa, usihesabu lita 65 za tangi tupu. Kwa maji yaliyo sentimita 3 chini ya ukingo, ukitoa lita 4 hivi za kilo 10 za mawe na zile za mchanga, unabaki na kama lita 49. Kipimo cha tangi tupu ni kuzidisha dozi.

Wiki za mwanzo mawe hufunikwa na utando wa kahawia. Ni diatomu, yaani mwani mdogo sana, futa kwa mswaki mpya. Baada ya siku saba pima tena pH na ugumu. Vikiwa vimepanda kuliko siku ya kwanza, kuna jiwe lililopita mtihani wa siki kimakosa. Toa moja moja, umwagie kila moja siki kwenye mkwaruzo mpya.