Kwenda ibada ya Wakweka bila dhana potofu

Wakweka (Quakers) ni kundi la Kikristo linaloitwa pia Marafiki. Kwanza, usiwatafute watu wa kofia pana na magari ya farasi. Hao ni Waamishi (Amish), kundi jingine kabisa la Kikristo. Na ile kampuni ya oti, Quaker Oats, yenye picha ya Mkweka haikuanzishwa na Wakweka. Ilipenda jina tu.

Pili, uliza ibada ni ya aina gani, maana hapa ndipo wageni wengi hukwama. Uingereza watu huketi kimya kwa takriban saa moja, bila mchungaji. Yeyote anayesukumwa moyoni husimama, husema machache, huketi. Usimjibu wala kumpinga. Acha kimya kirudi kwanza. Wakipeana mikono, ibada imekwisha. Kenya, nchi yenye Wakweka wengi kuliko zote, mambo ni tofauti: tangu misheni yao ya Kaimosi, magharibi mwa nchi, ilipoanza mwaka 1902, Kanisa la Marafiki limekuwa na wachungaji, nyimbo na mahubiri. Ukitarajia kimya huko, utashtuliwa na kwaya!

Usingoje ubatizo wa maji wala mkate na divai. Si kwamba wanavidharau. Kwao ubatizo na ushirika ni mambo ya rohoni.