Namna ya Kuandika Kupanda na Kuanguka kwa Mkuu wa Maharamia wa Angani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiandika hadithi za kubuni zinazotokea katika anga la mbali, na pia nimekuwa nikisoma miswada ya waandishi wanaoanza. Mhusika ninayekutana naye mara nyingi zaidi katika miswada hiyo ni mkuu wa maharamia: mtu asiye na huruma, mwenye kovu usoni na chombo cheusi, ambaye huua katika ukurasa wa kwanza na huuawa katika ukurasa wa mwisho. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa hivyo hivyo. Rafiki niliyempa ausome aliurudisha akiwa ameandika swali moja tu pembeni: kwa nini watu ishirini wenye silaha wanamtii mtu huyu? Sikuwa na jibu, na nililitafuta kwa muda mrefu katika historia ya maharamia wa baharini kabla ya kulipata. Mkuu wa maharamia hupandishwa na mgao wa ngawira, na mgao huo huo ndio humwangusha.

Katika hatua zinazofuata nitatumia mhusika wa kubuni, mwanamke aliyekuwa fundi wa mitambo ya hewa katika machimbo ya barafu ya sayari kibete ya Ceres, ambaye mabaharia wake wanamwita Bi Mizani. Sababu ya jina hilo itaonekana katika hatua ya tatu.

Hatua ya 1: Tafuta mahali ambapo uharamia unawezekana

Usianze na mtu, anza na njia ya biashara. Haramia huishi pale ambapo mali nyingi hupita mahali pembamba kwa wakati unaojulikana, na kwa jambo hili anga linafanana na Bahari ya Hindi kuliko waandishi wengi wanavyodhani. Majahazi ya zamani yalisubiri pepo za kaskazi na kusi. Vyombo vya angani navyo husubiri mpangilio wa sayari, kwa kuwa nafasi nzuri ya kusafiri kutoka Duniani hadi Mirihi hurudi kila baada ya miezi 26 hivi, na ile ya kutoka Duniani hadi Ceres hurudi baada ya miezi 15 hivi. Maana yake ni kwamba shehena husafiri kwa misafara, na yeyote mwenye kalenda anajua itafika lini.

Ceres ni mahali pazuri pa kuanzia. Ni sayari kibete iliyo katika ukanda wa asteroidi, yaani miamba inayolizunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, iligunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo tarehe 1 Januari 1801, ina kipenyo cha kilomita 940 hivi, na ina barafu nyingi. Mvutano wake ni mdogo sana, takriban asilimia 3 ya mvutano wa Dunia, hivyo chombo huondoka pale kwa nishati kidogo. Ujumbe wa redio kutoka Ceres hadi Duniani huchukua kati ya dakika 13 na 33, kutegemea mahali sayari hizo mbili zilipo. Mtu anayeomba msaada akiwa Ceres hawezi kusubiri jibu la Dunia akiwa ameshikiwa silaha.

Kuna jambo moja ambalo miswada mingi hulikosea. Angani hakuna mahali pa kujificha. Injini inayowaka huonekana kutoka mbali mno, na hata chombo kilichozimwa hutoa joto linaloonekana dhidi ya anga lenye baridi inayokaribia nyuzi 270 chini ya sifuri. Kwa hiyo usimwandike haramia anayechomoza ghafla kutoka gizani. Maharamia wa Somalia waliteka majahazi ya wavuvi na kuyatumia kama vyombo vya kubebea mashua zao, ili yeyote anayewaona kwa mbali adhani ni wavuvi. Kwa njia hiyo waliweza kufika mbali sana na pwani yao, na mnamo Novemba 2008 waliiteka Sirius Star, meli ya mafuta yenye urefu wa zaidi ya mita 300, ikiwa mamia ya maili kusini mashariki mwa Mombasa. Bi Mizani naye aje na chombo cha huduma chenye usajili halali, ambacho kila mtu anakiona na hakuna anayekishuku.

Na tafadhali tumia maneno ya bahari tuliyo nayo. Nahodha, serahangi (mkuu wa kazi za sitaha), rubani, shehena na ngawira yanatosha kuendesha chombo chochote, na msomaji wa Kiswahili huyasikia yakiwa na chumvi ndani yake. Pwani yetu si ngeni kwa anga: setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco karibu na Malindi.

Hatua ya 2: Andika dhuluma iliyotangulia

Mei 1694, katika bandari ya A Coruña nchini Hispania, mabaharia wa meli ya Kiingereza iliyoitwa Charles II walikuwa wamekaa miezi mingi bila kulipwa mshahara. Henry Every aliongoza uasi, wakaichukua meli na kuipa jina la Fancy. Angalia kilichomfanya awe kiongozi. Hakuwa mkatili kuliko wengine, bali alikuwa mtu aliyesema kwa sauti jambo ambalo kila mmoja alikuwa akilisema moyoni.

Mpe mhusika wako dhuluma ya namna hiyo, yenye kiasi na tarehe. Kwa Bi Mizani nilichagua kampuni inayokata gharama ya hewa kutoka katika ujira wa wachimbaji, kisha inaongeza bei ya hewa hiyo mwezi ule ule ambao mishahara imechelewa. Yeye ndiye fundi wa hewa, kwa hiyo yeye ndiye anayetumwa kufunga vali za vyumba vya wanaodaiwa. Siku anayokataa kuifunga vali mojawapo ndiyo siku uasi unapoanza. Msomaji anapaswa kumpenda siku hiyo, na kumpenda kweli, kwa sababu baadaye mkono huo huo utazifunga vali nyingine.

Hatua ya 3: Andika mkataba wa mgao, kwa tarakimu

Hii ndiyo hatua ninayowaomba wanafunzi wangu wasiiruke. Bartholomew Roberts, haramia wa Wales ambaye inasemekana alikamata vyombo zaidi ya 400, alikuwa na masharti yaliyoandikwa. Nahodha na msimamizi wa mabaharia walipata mafungu mawili kila mmoja. Serahangi, mkuu wa safari na mkuu wa mizinga walipata fungu moja na nusu, maofisa wengine fungu moja na robo, na baharia wa kawaida alipata moja. Aliyepoteza mguu au mkono alilipwa fidia. Aliyewadanganya wenzake hata kwa thamani ya dola moja aliachwa peke yake mahali pasipo na watu. Wavuvi wa pwani yetu hawatashangazwa na utaratibu huu, kwa maana wao pia hugawana kwa mafungu: fungu la chombo, la nyavu, la nahodha na ya wavuvi.

Kaa chini na karatasi upige hesabu ya genge lako. Langu lina watu 20: nahodha, msimamizi, maofisa watatu na mabaharia 15. Nahodha na msimamizi wana mafungu 4 kwa pamoja, maofisa wana 4.5, na mabaharia wana 15, hivyo jumla ni mafungu 23.5. Wakiteka kilo 470 za dawa, kila fungu ni kilo 20. Baharia anaondoka na kilo 20, ofisa na 30, na Bi Mizani na 40. Hesabu hii ni fupi kiasi cha kuingia katika ukurasa mmoja wa mazungumzo, na msomaji akishaielewa atakuwa na kipimo chake mwenyewe cha kumpimia kiongozi.

Sasa jiulize mgao unafanyikaje mahali pasipo na uzito. Mizani ya kawaida haifanyi kazi ndani ya chombo kinachoelea. Wanaanga hupima miili yao kwa springi: kitu hufungwa kwenye springi, hurushwa mbele na nyuma, na muda wa mapigo yake huonyesha wingi wa maada iliyomo. Kitu chenye maada mara nne huchukua muda mara mbili kwa kila pigo. Nilipolijua jambo hili nilipata jina la mhusika na moyo wa hadithi kwa pamoja. Baada ya kila utekaji anafunga kikapu kwenye springi katikati ya ukumbi, na genge zima linahesabu mapigo kwa sauti, mia moja kwa kila fungu, huku mdogo kuliko wote akishika saa. Andika tukio hilo kwa utulivu na kwa urefu, kwa sababu utalirudia mara mbili, na mara ya pili litaumiza.

Hatua ya 4: Upe ukatili kazi ya kufanya

Haramia hutaka shehena bila mapigano, kwa kuwa mapigano huharibu mali na huua mabaharia wake. Hofu humpunguzia gharama. Basi ukatili wa kwanza wa Bi Mizani uwe na hesabu ndani yake: anafunga hewa ya chumba kimoja ili vyumba kumi vifungue milango. Ukatili wa pili uwe mwepesi kwake kuliko wa kwanza. Wa tatu usiwe na sababu yoyote anayoweza kuwaeleza watu wake, na hapo ndipo msimamizi anapoanza kunyamaza wakati wa chakula.

Wape waliotekwa majina na kazi. Septemba 1695 Every aliikamata Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India iliyokuwa ikirudi Surat ikiwa na mahujaji waliotoka Makka. Abiria waliteswa na wanawake walitendewa unyama. Mwandishi anayelisimulia tukio hilo kama ushindi wa ajabu na kutaja dhahabu tu amewaibia mahujaji wale mara ya pili. Ukatili huo pia ulikuwa na matokeo: hasira ya Aurangzeb iliiweka biashara ya Waingereza nchini India katika hatari kubwa, na Every akawindwa kila mahali. Mchuma janga hula na wa kwao. Every mwenyewe alitoweka, lakini mabaharia wake kadhaa walinyongwa London mwaka 1696.

Hatua ya 5: Mpandishe hadi aanze kufanana na serikali

Sehemu hii iwe fupi. Nchini China, baada ya mume wake kufariki mwaka 1807, Zheng Yi Sao aliongoza muungano wa maharamia wenye mamia ya majahazi, akawauzia wafanyabiashara hati za kupita salama. Huko ndiko kileleni: haramia anatoza kodi na anatoa stakabadhi. Bi Mizani aanze kuuza ulinzi, afungue ofisi, na mgao uhamie nyuma ya mlango kwa kisingizio cha usalama. Usimweleze msomaji kwamba jambo hili ni baya. Mlango ukishafungwa, sauti za kuhesabu hazisikiki tena, na hilo linatosha.

Hatua ya 6: Mwangushe kwa kilo mbili

Waandishi wengi hutafuta jeshi kubwa la kumwangamiza haramia, na jeshi hilo linaweza kuwepo. Roberts aliuawa tarehe 10 Februari 1722 karibu na Cape Lopez, katika Gabon ya leo, alipokabiliwa na meli ya kivita Swallow ya Uingereza, na wengi wa mabaharia wake walikuwa wamelewa asubuhi hiyo. Hata hapo, jeshi lilimkuta adui ambaye nidhamu yake ilikuwa imelegea tayari. Mfano wa karibu zaidi na sisi ni Mohamed Abdi Hassan, aliyejulikana kama Afweyne, mmoja wa wakuu wa uharamia wa Somalia. Mwaka 2013 alishawishiwa kwenda Ubelgiji kwa ahadi ya kuwa mshauri wa filamu kuhusu maisha yake, akakamatwa alipowasili Brussels, na mwaka 2016 akahukumiwa kifungo cha miaka 20. Mtu aliyehofiwa baharini alipatikana kwa kuambiwa kwamba hadithi yake ina thamani.

Kwa Bi Mizani nilirudi kwenye hesabu. Katika utekaji mwingine wa kilo 470 anaficha kilo 47. Zinabaki 423, na kila fungu linakuwa kilo 18. Baharia anapoteza kilo mbili tu, jambo ambalo mkono hauwezi kulihisi mahali pasipo na uzito, ilhali yeye anaondoka na 36 za halali pamoja na 47 za siri, yaani 83. Lakini yule kijana aliyekuwa akishika saa ameyazoea mapigo. Kama mapigo mia ya fungu la kilo 20 yalichukua sekunde 200, ya kilo 18 yatachukua sekunde 190 hivi, ukipuuza uzito wa kikapu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Kijana anakwenda kwa karani aliyetekwa pamoja na shehena na kumuuliza daftari lilionyesha kilo ngapi. Mazungumzo hayo yaandike bila kelele, watu wawili wakinong'ona karibu na bomba la hewa, na mmoja wao ni mtu ambaye Bi Mizani alimuua nduguye.

Kutoka hapo usiharakishe. Nahodha asiue kijana mara moja, kwa kuwa bado anaweza kukiri, kurudisha kilo 47 na kuhesabu upya mbele ya wote. Mpe nafasi hiyo iwe ya kweli, mwache aikaribie, kisha aikatae kwa sababu inayolingana na tabia uliyomjengea tangu ile siku ya vali.

Hatua ya 7: Chagua nani anabaki na saa

Mwisho hauhitaji kuwa kifo. Zheng Yi Sao alijadiliana na maofisa wa Guangdong mwaka 1810, akapata msamaha, akaishi hadi 1844. Amua mwisho wa nahodha kwa kutazama nani bado anamwamini, kisha andika tukio la mwisho kwa macho ya mtu mwingine. Katika rasimu yangu ya nne, Bi Mizani yuko hai nyuma ya mlango wa chumba ambacho vali yake inashikwa na wenzake. Kikapu kimerudishwa katikati ya ukumbi, kijana ameshika saa, na watu 19 wanaanza kuhesabu kwa sauti kutoka moja, naye anawasikia kupitia ukuta.