Kuwapeleka Watoto Kwenye Maporomoko ya Isiukhu

Wazazi wanaoniuliza kuhusu maporomoko ya Isiukhu huanza na njia: ina urefu gani, ina mlima, na je, mtoto wa miaka sita ataiweza? Njia haina taabu. Ni kijia cha msituni ambacho mtoto aliyezoea kwenda shule kwa miguu hatakilalamikia. Kinachohitaji busara ya mtu mzima ni maji yenyewe, kwa hiyo nitapita upesi katika safari ili nikae zaidi ukingoni mwa mto.

Maporomoko yako upande wa kaskazini wa Msitu wa Kakamega, magharibi mwa Kenya, katika sehemu ya Buyangu inayosimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Kutoka Kisumu hadi mjini Kakamega ni takriban kilomita 50, na mkipita Ilesi waonyesheni watoto Jiwe la Machozi, mwamba unaotiririsha maji kama mtu anayelia, maana wakati wa kurudi watakuwa wamelala fofofo. Mjini pandeni matatu ya kuelekea Webuye au Kitale, mshuke Kambi ya Mwanza, kiasi cha kilomita 18 mbele. Kutoka barabarani hadi langoni ni kama kilomita mbili, ambazo wadogo wanaweza kupunguziwa kwa bodaboda. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa mtandaoni, kwa hiyo ni vyema kukilipa ukiwa nyumbani ambako mtandao haukusumbui. Langoni tafuta mtu wa kuwaongoza, kisha umuulize askari mambo mawili: mto ukoje leo, na ni wapi wageni wanaruhusiwa kuingia majini. Akisema leo hakuna kuoga, usibishane naye. Matembezi peke yake yanatosha.

Saa ndiyo inayoharibu safari nyingi. Msitu huu hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua hiyo hupenda kushuka alasiri ikiandamana na radi. Mimi huhakikisha tumefika langoni kabla ya saa tatu asubuhi, na ifikapo saa sita na nusu hakuna mtoto aliye majini, hata kama mbingu ni nyeupe. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu. Aprili na Mei, kwa maoni yangu, ni afadhali watoto wabaki nyumbani.

Wavalishe suruali ndefu na uingize miisho yake ndani ya soksi. Jambo hili huonekana la kuchekesha mpaka mkutane na siafu, ambao mtu huwatambua wakiwa wameshafika mapajani. Mkiuona msafara wao umekata njia, rukeni bila kusimama kuustaajabia. Kituo cha kustaajabu kiwe chini ya mbega, wale weusi wenye manyoya meupe yanayoning'inia kama shuka. Hapo mtoto anyamaze, na asiwatupie chakula.

Mkifika mtoni, usimruhusu mtu yeyote kuvua nguo kwanza. Okota jiwe lenye ukubwa wa ngumi, liweke pale hasa maji yanapoishia, kisha mketi mle ndizi mnapolitazama. Jiwe likibaki kavu, mto umetulia. Likifunikwa, au maji yakigeuka rangi ya chai ya maziwa na kuanza kuleta majani na vijiti, basi mvua imenyesha huko juu ingawa hapo mlipo jua linawaka, na kila mtu apande ukingoni mara moja. Siku moja tulipuuza dalili hiyo kwa sababu mtoto mmoja aliomba dakika tano zaidi, na raba zake zilizokuwa juu ya mwamba mkavu hatukuziona tena.

Chagua kidimbwi kilicho kando, mbali na pale maji yanapoangukia, kwa kuwa chini ya povu kuna mkondo unaovuta na mara nyingine magogo. Pima kina kwa fimbo ndefu kila hatua mbili. Kwa mtoto, maji yasipite kiuno. Mtu mzima mmoja asimame upande wa chini, maji yanakoelekea, kwa sababu mtoto anayeteleza huenda huko na si kwingine. Mawe yenye ukoga yavukwe kwa makalio bila aibu, na kupiga mbizi kukatazwe kabisa. Epuka pia sehemu zilizotuama zenye magugu, maana ndiko wanakoishi konokono wanaoeneza kichocho.

Chakula kiwe viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na njugu, vyote katika vyombo vya kurudi navyo nyumbani, kwa sababu tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika mbuga na misitu iliyohifadhiwa nchini. Maji ya kunywa yabebeni wenyewe. Ya mto si ya kunywa. Dawa ya kufukuza mbu ipakwe tena baada ya kuoga, kwani malaria ni ya kawaida eneo hili.

Beba leso mbili: moja ya kujikaushia, nyingine ya kushikiliwa kama pazia watoto wanapobadilisha nguo. Wabadilishe hadi chupi, hapo hapo mtoni. Makanga wa matatu ya jioni huwa hana huruma na mtoto anayelowesha kiti.