Jinsi ya kuanza kujifunza sayansi ya utambuzi hapo hapo barazani kwenu

Sayansi ya utambuzi watu wanaiogopa bure, wakisikia jina wanadhani mpaka uwe na maabara na mashine za kupiga picha ubongo, wakati mambo yake ya mwanzo unaweza kuyaona mwenyewe leo baada ya laasiri, iwe uko Mkunazini Unguja au Wete Pemba, ukiwa na daftari, kalamu, simu yenye saa na mtu wa kumpima. Ni elimu inayouliza akili inafanyaje kazi, tunaonaje, tunakumbukaje, tunaamuaje, na wamo ndani yake watu wa saikolojia, wa lugha, wa kompyuta, wa ubongo, wa falsafa. George Miller, mmoja wa waasisi, alikuwa akisema imezaliwa 11 Septemba 1956 kwenye mkutano katika chuo cha MIT huko Marekani, siku ambayo Noam Chomsky alizungumzia lugha, na Allen Newell na Herbert Simon wakaeleza programu ya kompyuta inayothibitisha kanuni za mantiki. Huyo Simon mshike, tutakutana nae kwenye bao.

Mie nakushauri uanze na kumbukumbu. Usianze na maswali ya nafsi na fahamu, yale matamu lakini utabishana mpaka isha na hamna mlichopima.

Andika mistari ya tarakimu ovyo ovyo, miwili ya tarakimu 4, miwili ya 5, endelea hivo hivo mpaka 10. Msomee mwenzio tarakimu moja kila sekunde, sauti iwe sawa tu, usipandishe wala usikate katikati kama mtu anaetaja namba ya simu, mana ukikata tu ushamsaidia. Aurudishe mstari wote kwa mpangilio ule ule. Akikosa mistari yote miwili ya urefu mmoja simama, urefu wa mwisho alioweza ndio kiwango chake. Watu wazima wengi wanaangukia kati ya 5 na 9, na ndio Miller mwaka 1956 akaandika kuhusu saba, zidisha mbili au punguza mbili. Mwaka 2001 Nelson Cowan akaja na hoja kwamba ukimzuia mtu asipange vitu makundi wala asivirudie kimoyomoyo, kinachobaki ni kama 4 tu.

Sasa msomee huu, polepole vile vile: 1 2 0 1 1 9 6 4 2 6 0 4 1 9 6 4. Tarakimu 16, wengi watakwambia basi bwana umenizidi. Alafu mwambie hiyo ni tarehe ya Mapinduzi ya Zanzibar ikifuatiwa na tarehe ya Muungano, mwanafunzi yeyote wa skuli za hapa ataurudisha wote bila kukwama. Kumbukumbu yake haikukua ndani ya dakika moja, kilichobadilika ni idadi ya vitu anavyovishika, vilikuwa 16 sasa viwili, kama muuza dagaa anaehesabu mafungu na sio dagaa mmoja mmoja. Na fungu hulifungi bila kitu ulichokwisha kukijua, mgeni asiejua historia yetu mwambie hivo hivo na haitamsaidia chochote. Kila ukimaliza kumpima mtu muulize amekumbuka vipi, usiandike alama peke yake, mana wengine watakuwa wameshaiona 1964 mapema na ukiwaandika kuwa ni wenye kumbukumbu kubwa umejidanganya.

Kuna jambo naliona kubwa khasa kwetu sisi. Mwaka 1975 Alan Baddeley na wenzake walionesha kwamba maneno yanayochukua muda kuyatamka tunayakumbuka machache zaidi, kwa sababu tunayashikilia kwa kuyarudia ndani kwa sauti ya kimya, na ile sauti inabeba kiasi cha sekunde 2 tu. Tarakimu zetu takriban zote zina silabi mbili, moja, tatu, sita, nane, za Kiingereza nyingi zina moja. Kwa hiyo usichukue alama za mtoto aliepimwa kwa Kiswahili ukazilinganisha na jadweli ya wanaopimwa kwa Kiingereza alafu ukasema mtoto mzito, utakuwa umemdhulumu. Ukitaka kuiona hiyo sauti ya ndani, muoneshe tarakimu zilizoandikwa huku anasema ba ba ba ba bila kusita, kiwango kitashuka.

Baada ya hapo nenda kwenye bao. Mwaka 1973 Simon na William Chase waliwaonesha wachezaji sataranji ubao wa mchezo wa kweli kwa sekunde 5, bingwa akarudisha vipande kama 16 mahali pake, anaeanza kama 4. Vipande vikipangwa ovyo bingwa anaporomoka mpaka karibu na mwenziwe, ingawa mwaka 1996 Simon na Fernand Gobet walikuta bado anabakisha faida ndogo. Na bao letu nalo limechunguzwa, Mholanzi Alexander de Voogt alifanya utafiti na mabingwa wa Zanzibar na tasnifu yake ikatoka 1995.

Tafuta fundi mmoja na mmoja anaejifunza. Ukimwendea mzee usimwambie unampima akili, ataona unamvunjia heshima, mwamkie shikamoo umwambie babu naomba nione vipi mafundi mnalisoma bao. Chukua mchezo ukiwa bado kwenye namua, ile hatua ya mwanzo ya kuingiza kete, na nyumba, yale mashimo makuu ya wachezaji, bado zipo, huko mwisho kwenye mtaji, kete za mkononi zikishamalizika, kete zimeshasambaa vibaya na hata mchezo wa kweli unafanana na uliopangwa ovyo. Waoneshe kwa sekunde 10, funika kwa kanga, kila mmoja apange kwenye bao jengine peke yake. Alafu panga ovyo kwa idadi ile ile ya kete, urudie. Kama akili inafanya kazi ilivyokuwa kwenye sataranji, fundi atamuacha mbali mwenzie kwenye mchezo wa kweli na watakaribiana kwenye ule wa ovyo. Wakiwa wengi nusu waanze na ule wa ovyo, isije ikawa tofauti uliyoiona ni uchovu tu, na katika mashimo 32 hesabu yale yaliyokuwa na kete peke yake, mana matupu hata asiekumbuka kitu atayapatia.