Umepiga divisheni one fomu siksi na hela ya chuo hakuna? Anzia hapa

Wadogo zangu mlioko fomu faivu na siksi, hasa nyie mnaoongoza darasa halafu nyumbani mnajua kabisa ada ya chuo haipo, mimi nilitoka na one nzuri tu nikakaa nimetulia kama vile chuo ndo kitakuja kunitafuta. Mwaka wa kwanza mkopo nikakosa. Kisa? Cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, vyeti vya shule vina jina la ukoo.

Kwa hiyo kabla hujaanza kusachi skolashipu yoyote, chukua cheti cha kuzaliwa, cheti cha fomu foo na namba ya NIDA, weka mezani, soma majina herufi kwa herufi. Athumani na Asumani kwa mama ni mtoto mmoja ila kwenye mfumo ni watu wawili. Yakipishana nenda kwa wakili mapema akuelekeze kurekebisha, halafu peleka cheti kikahakikiwe RITA, wale wa vyeti vya vizazi na vifo, inafanyika onlaini unalipia kwa kontrol namba, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Ukisubiri Julai utakutana na nchi nzima huko, we fanya Januari ukiwa likizo.

Sasa mkopo wa serikali wa Bodi ya Mikopo, HESLB. Dirisha huwa linafunguliwa Juni hivi mpaka Agosti, ada ya kuomba 30,000. Hapa one yako haikusaidii sana jamani, wanaangalia uhitaji, kwa hiyo yatima, mwenye ulemavu, familia iliyoko TASAF (mpango wa kusaidia kaya maskini), aliyesomeshwa na mfadhili, kila kitu kinataka karatasi yake. Fomu unaiprinti, inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, na wakili au hakimu, kisha unaiskani unaipandisha tena. Wengi wanakwama hapo kwenye saini moja iliyosahaulika au ukurasa uliopandishwa mara mbili na mwingine haupo, na usimwachie kijana wa steshenari akujazie peke yake, yeye ana foleni ya watu ishirini na maisha ni yako. Jua pia ni deni, ukianza kazi linakatwa asilimia 15 ya mshahara.

Isiyo deni ni Samia Skolashipu, ilianza mwaka wa masomo 2022/23, na hii ndo inaangalia pointi: ni ya waliofaulu juu kabisa kwenye kombi za sayansi na wanaokwenda kusoma sayansi, uhandisi, teknolojia au udaktari. Wa kombi za sanaa kama HGL na HKL samahani, hata mimi inaniuma. Ila majina yanapatikana baada ya matokeo, kwa hiyo karatasi za mkopo ziwe tayari hata kama una uhakika na pointi three zako, yaani A zote tatu.

Nje ya nchi sasa, maana huko ndo uongo mwingi. Kule Marekani, Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst wanachagua wanafunzi bila kuangalia kama wana hela, hata wageni, na ukishachaguliwa wanaziba pengo lote la gharama. Lakini Harvard haitoi skolashipu ya maksi kabisa! Maksi zinakuingiza, hela inatoka kwa kuangalia kipato cha kwenu, kwa hiyo kuna fomu ya fedha, vyuo vingi wanatumia inayoitwa CSS Profile (FAFSA achana nayo, ni ya raia na wakazi wa kule). Baba ni mkulima hana salari slipu? Andika ukweli, gunia ngapi msimu uliopita, kauza bei gani, wanaomtegemea wangapi. Ada ya maombi unaweza kuomba usamehewe. Common App, fomu moja ya onlaini ya kuomba vyuo vingi vya Marekani, inafunguliwa 1 Agosti na vyuo vingi vinafunga mwanzoni mwa Januari, maana yake unaomba ukiwa bado fomu siksi, matokeo ya NECTA hayajatoka, ndo maana unahitaji maksi za shule na mara nyingi SAT (mtihani wa kuombea vyuo vya kule), MIT ni lazima. Wanaoachwa ni wengi mno hata wenye akili za kutisha, na masharti ya viza yanabadilika, cheki kwanza kabla hujachoma miezi sita huko.

Ndo maana mi nasema usiweke mayai yote Marekani. Türkiye Bursları, skolashipu ya serikali ya Uturuki, kuomba ni bure, dirisha huwa Januari 10 mpaka Februari 20, wanalipa ada, hosteli, posho, tiketi ya ndege na mwaka mzima wa kujifunza Kituruki. Skolashipu ya Mastercard Foundation unaomba kupitia chuo chenyewe, mfano Ashesi kule Ghana. Na tovuti ya Wizara ya Elimu huwa wanatangaza nafasi za serikali za nje, China mojawapo, muda unakuwa mfupi balaa, pitia kila wiki. Mtu akikuambia tuma elfu hamsini ya kuprosesi nafasi yako, blok.

Barua ya mwalimu usiombe wiki ya mwisho. Mpe karatasi yenye mambo uliyofanya, ulifundisha wenzako fizikia ya prepo, ulikuwa unauza maandazi likizo, vinginevyo ataandika "ni mwanafunzi mwenye nidhamu" na basi.

Halafu kuna JKT, yale mafunzo ya jeshi baada ya fomu siksi. Unaweza kuwa kambini huna simu wakati dirisha liko wazi, kwa hiyo mwachie mtu mmoja unayemwamini imeili, nywila na fomu zako zote. Mimi nilipoomba mkopo tena mwaka wa pili nilimwandikia dada hivyo vyote kwenye daftari lake la vikoba, na ndiye aliyeona meseji kwamba kuna saini imekosekana, zikiwa zimebaki siku mbili.